Neno la nyumbani likifa, nani atalifufua?

Jina la Thogoto, kule Kikuyu, lilitokana na wenyeji kuwataja kwa matamshi yao Waskoti, wale wamishenari waliofika huko mwishoni mwa karne ya 19. Wengi wetu hudhani lugha ya watu hao ilikuwa Kiingereza tu. La hasha! Kwao walikuwa pia na Kiskoti, na atakaye kuijua ladha yake asianzie vitabuni, aingie nyumbani.

Nyumba ya mkulima maskini ilikuwa na vyumba viwili. Cha nje, penye meko, kiliitwa but. Cha ndani kiliitwa ben. Hata mtu aliyezoeana mno na mwenzake husemwa kuwa yuko far ben, yaani amefika ndani kabisa. Je, si yayo hayo ya majumba ya kale ya Lamu, ambako mgeni wa kupita huishia dakani, na ndani ni pa wenyewe?

Dohani iliitwa lum, komeo la mlango sneck, kabati la ukutani press. Lakini linigusalo zaidi ni kist, sanduku kubwa la mbao. Humo bibi arusi alitia mashuka ya kuanzia maisha. Neno lilo hilo likawa pia jina la jeneza.

Kwa vizazi vingi watoto wa Scotland walikemewa shuleni kwamba hicho ni Kiingereza kibovu. Hata hivyo, John Jamieson alichapisha kamusi ya Kiskoti mwaka 1808, na kamusi kuu ya taifa, yenye juzuu 10, ikatolewa baina ya 1931 na 1976. Katika sensa ya 2011, zaidi ya watu milioni 1.5 walisema wanakizungumza. Mwaka 2025 Bunge lao likakipa hadhi rasmi kisheria.

Sisi je? Nakiri kwamba wanangu hawajui ulili ni nini, wala kidaka. Lawama si ya mwalimu. Ni yangu, maana sikuyatamka maneno hayo mbele yao. Kamusi hulihifadhi neno, bali kinywa ndicho kilipacho uhai. Kigoda kikivunjika, seremala atachonga kingine. Jina lake likisahauliwa, tutampelekea seremala gani?