Vigawo ni Vile Vile

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji, ilipitisha nguo, pembe za ndovu na watumwa. Ilipitisha maneno pia. Hesabu, sifuri, sita, saba na tisa ni maneno yenye asili ya Kiarabu, yaliyoingia bara pamoja na Kiswahili. Hata aljebra imepata jina lake katika kitabu cha Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9.

Leo mtoto wa shule ya msingi ya serikali pale Tabora anajifunza hisabati kwa Kiswahili. Anajua kwamba vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Akifika sekondari, lugha inageuka kuwa Kiingereza. Kidato cha pili anaandikiwa ubaoni x² + 7x + 12, anaambiwa kwa Kiingereza atafute vigawo. Anaduwaa, nasi tunasema hana kichwa cha hesabu.

Jambo lenyewe analijua. Chukua kiwanja cha mraba, kila upande mita x. Mwenyewe anaongeza mita 3 kwenye urefu na mita 4 kwenye upana. Eneo jipya ni (x + 3)(x + 4), na ukizidisha unapata x² + 7x + 12. Kutafuta vigawo ni kurudi ulikotoka: umepewa eneo, unatafuta urefu na upana.

Basi tafuta namba mbili ambazo zikizidishwa zinatoa 12, na zikijumlishwa zinatoa 7. Jaribu 1 na 12: jumla ni 13, hapana. Jaribu 2 na 6: jumla ni 8, hapana. Jaribu 3 na 4: jumla ni 7. Hizo ndizo. Ukitaka kuhakikisha, weka 10 mahali pa x: 100 na 70 na 12 ni 182, na 13 mara 14 ni 182.

Sisemi Kiingereza kitupwe. Nasema mwalimu akitamka neno geni, alitamke na lile la zamani, vigawo, ili mtoto atambue kwamba mzigo huu alikwisha kuubeba. Nawe mzazi uliyeishia darasa la saba, usikae mbali na daftari la mwanao. Muulize: namba gani mbili?