Wanatazama, Hawanunui: Duka Lako la Mtandaoni Linakwama Wapi?

Mpwa wangu huuza madera na mabaibui kutoka chumbani kwao, Majengo, hapa Mombasa. Duka lake ni simu yake. Wiki chache kabla ya Ramadhani alinijia, uso umemkunjana. "Mjomba, watu 400 wameitazama picha hii tangu jana. Walionunua ni wanne tu. Nilipie tangazo?"

Nilimwambia asubiri kwanza tupige hesabu. Wanne katika 400 ni mmoja katika kila 100. Akilipia tangazo likamletea watu 800, kwa mwendo huohuo atapata wanunuzi wanane, na gharama ya tangazo juu. Lakini akiwapata wanne zaidi miongoni mwa wale 396 walioondoka, amefika palepale bila kulipia tangazo lolote. Ni kweli, wengi wao walikuwa wakijipitishia muda tu, kama watu wanaozunguka madukani jioni bila nia ya kununua. Lakini wamo waliotaka kununua, wakafika mlangoni, kuna kitu kikawarudisha. Hao ndio wa kuwatafuta kwanza.

Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli pale ambapo mnunuzi anakishika kitu mkononi. Ukienda Biashara Street kununua leso, unaikunjua, unaipapasa, unaitoa mlangoni uone rangi yake juani. Unatazama ile alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla ambayo nyanya zetu waliizoea. Muuzaji unamwona kwa macho, na leso ikichuja wajua pa kuirudisha. Mtandaoni hakuna kupapasa, na kwenye picha kizuri na kibaya vyafanana. Kwa hiyo kazi ya mwenye duka ni kumpa mteja, kwa maneno na picha na utaratibu, ule uhakika ambao zamani aliupata kwa mkono wake.

Andika bei

Kosa la kwanza ni lile la "Bei njoo inboksi." Wauzaji husema wanawaficha washindani. Lakini mshindani naye ana simu. Ataingia inboksi ajifanye mteja, na utamjibu. Anayeumia ni mteja wa kweli. Yeye hufikiri mambo mawili: ama bei ni kubwa hata yaonewa haya, ama atapangiwa bei kulingana na jina lake au mtaa anaokaa. Wengine wanaona aibu kuuliza kisha wasinunue, basi wanapita kimya kimya. Andika bei. Kama kuna kupunguziana, andika "maelewano yapo". Watu wa pwani tunajua maana yake.

Picha yako, vipimo vyako

Picha iliyochukuliwa kwenye ukurasa wa duka la Dubai inapendeza, lakini mteja ameshaiona kwa wauzaji wengine watano. Yeye anataka kuona baibui lile lililoko mikononi mwako. Lipige picha mchana karibu na dirisha, upige na video fupi ukilikung'uta kitambaa kionekane uzito wake. Taja kitambaa kwa jina, useme kama kinaonyesha mwili au hakionyeshi.

Kisha toa vipimo. Mabaibui na kanzu huuzwa kwa urefu wa inchi, 52, 54, 56 na kuendelea, lakini si kila mteja anajua namba yake. Mwelekeze: achukue nguo yake inayomkaa vizuri, aipime kutoka begani hadi kwenye pindo. Maneno ya "saizi moja kwa wote" hayamsaidii mama mnene wala msichana mfupi, na hao pia wana pesa.

Mzigo utafikaje, na kwa kiasi gani

Taasisi ya Baymard ya Denmark, ambayo kwa miaka mingi imekusanya tafiti kuhusu maduka ya mtandaoni, yaeleza kwamba takriban 70 katika kila vikapu 100 vinavyojazwa mtandaoni huachwa bila kulipiwa. Ukiwaondoa waliokuwa wakitazama tu, sababu inayoongoza ni gharama za ziada, kama za kusafirisha, zinazochomoza mwishoni.

Hapa kwetu twalijua hilo bila utafiti. Mtu amekubali bei ya dera, kisha anaambiwa pesa ya boda boda akiwa ameshafungua M-Pesa. Anajiona amenaswa. Weka orodha ya nauli mapema: kisiwani kiasi hiki, Nyali na Kisauni kiasi hiki, Likoni ng'ambo ya feri kiasi hiki, Malindi kwa basi kiasi hiki. Mteja wa Lamu mweleze zaidi, kwa kuwa basi laishia Mokowe na mzigo bado una safari ya mashua. Nani ataupokea pale jeti, na nani atalipia kuvushwa? Ukiliacha swali hilo likining'inia, mteja ataahirisha, na aliyeahirisha mara nyingi harudi.

Kulipa bila kuona

Hapa ndipo wengi hurudi nyuma. Nami siwalaumu. Mwaka mmoja nililipia kanzu ya mwanangu kwa muuzaji wa mtandaoni, pesa zote mbele. Ilifika siku ya tatu ya Idd. Mtoto alisali Idd na kanzu ya mwaka uliotangulia, mikono imempanda. Tangu siku hiyo, kila nikitaka kulipa mtandaoni namkumbuka akijivuta ile mikono ishuke. Wateja wako nao wana kanzu zao walizocheleweshewa, na wewe unalipia makosa ya mwenzako.

Dawa ni kugawana hatari. Kwa mteja wa karibu, alipe nauli mbele na bei ya nguo akishaiona. Hivyo hata akizima simu boda boda akiwa mlangoni, hujapoteza nauli. Kwa wa mbali, alipe sehemu, umtumie video ya mzigo ukifungwa na picha ya risiti ya basi, kisha amalizie. Sema pia wazi kama nguo isiyomkaa inarudishika, kwa siku ngapi, na nauli ya kurudisha ni ya nani. Hili si hisani tu: Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamtaka anayeuza kwa intaneti ampe mnunuzi maelezo kabla ya kukubaliana, na nafasi ya kukubali, kukataa au kurekebisha makosa.

Angalia pia jina la Till yako. Ikiwa duka laitwa hivi na kwenye simu ya mteja lajitokeza jina la mwanamume asiyemjua, atasita kuweka PIN. Kama ni Till ya mumeo au kakako, mwambie mteja mapema.

Mwekee mteja sitara

Wauzaji wengi hubandika picha za ujumbe wa M-Pesa ili kuonyesha kwamba watu wananunua. Ushahidi wa wateja ni mzuri, lakini pale panasomeka jina la mtu na pengine namba yake ya simu. Anayeona jirani yake ameanikwa hivyo, hujiuliza kama kesho ni zamu yake. Omba ruhusa, ufiche jina na namba. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka 2019, na sisi tulikuwa na sitara kabla yake.

Jaribio la jioni moja

Mpwa wangu hakulipia tangazo wiki ile. Alikaa akaandika bei, inchi, nauli za kila mtaa, saa anazojibu ujumbe, na siku ya mwisho ya kuagiza ili mzigo wa Lamu uwahi Idd. Kisha tukampa mamake simu, tukamwambia: chagua dera, ulinunue, usimuulize mwanao chochote.

Alichagua la kijani. Alisoma bei, akasoma vipimo, akafika kwenye malipo akainua kichwa. "Na hii rangi, ikifuliwa haichuji?"

Hilo hatukuwa tumeliandika. Nawe mpe mamako simu jioni ya leo. Pale atakapoinua kichwa kuuliza, ndipo wateja wako wanapoondokea.