Niliziba Ufa, Nikajenga Ukuta

Hakuna askari asiyeijua methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumeisikia katika hotuba za wakubwa wetu, na wengi wetu tumeitumia kuwaonya vijana wanaozembea kazini. Mimi sina ugomvi na wahenga. Lakini leo, ndugu msomaji, naja mbele yako kukiri kwamba ufa niliuziba, tena kwa saruji nzuri na kwa mikono yangu mwenyewe, na bado nikajenga ukuta. Zaidi ya hayo, nusura nimpoteze mtoto.

Nyumba yenyewe iko Jinja, mji ule ambapo Mto Nile hutoka katika Ziwa Victoria. Reli ya kutoka Jinja kwenda Namasagali ilimalizika mwaka 1912, na katika miaka iliyofuata wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya India, walijenga maduka na nyumba za kudumu katika mitaa ya mji huo. Mwaka 1972, utawala wa Idi Amin ulipowafukuza Waasia, nyumba nyingi zilibadili mikono kwa ghafla. Aliyeondoka hakupata nafasi ya kumweleza aliyeingia bomba limepita wapi ndani ya ukuta, wala maji ya mvua yalielekezwa upande gani. Nyumba ikabaki na siri zake, na kila mkaaji aliyekuja akaongeza yake.

Nyumba tuliyoinunua ni mojawapo ya hizo. Kuta zake ni za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa chokaa na mchanga. Paa lake ni la vigae vyekundu vya Mangalore, ambavyo asili yake ni viwanda vya pwani ya magharibi ya India. Milango ni ya mvule, mti ambao hata mchwa huukaribia kwa adabu. Juu ya mlango wa mbele pamechorwa mwaka 1934. Siku ya kwanza nilisimama uani nikiitazama kwa fahari, nikamwambia mama watoto kwamba kwa likizo yangu ya siku 30 nitaifanya iwe mpya.

MAPIGANO MADOGO

Nilianza na mlango wa chumba cha kulala, ambao ulikuwa ukikwama. Ilikuwa katikati ya masika, mwezi wa Aprili. Nikachukua randa, nikaupunguza mpaka ukafunga kwa kidole kimoja. Nilijisifu sana. Ilipofika Januari na jua kali, mbao zikakauka na kunywea, na sasa kati ya mlango na fremu pana nafasi ambayo paka wetu hupita bila kukunja mkia. Mbao huvimba wakati wa unyevu na kusinyaa wakati wa ukavu. Fundi mwenye busara hungoja kwanza majira yabadilike ndipo ajue apunguze kiasi gani. Mimi sikungoja.

Kisha nikaingia jikoni kubadili bomba lililokuwa likidondosha maji usiku kucha. Nikalizungusha kwa spana, likakataa. Nikaongeza nguvu, nalo likazunguka pamoja na kipande cha mfereji wa chuma ndani ya ukuta, kilichokuwa kimeliwa na kutu mpaka kikabaki kama ganda la yai. Maji yakaruka hadi darini. Tulihangaika robo saa nzima kutafuta mahali pa kuyafungia, na tukapakuta chini ya chungu cha maua, chini ya mfuniko uliofukiwa na udongo.

Jambo la tatu lilikuwa soketi za umeme. Zilikuwa za matundu matatu ya mviringo, za kizamani, ilhali pasi na redio yetu zina plagi za pini za mstatili, aina iliyowekwa kuwa kipimo rasmi nchini Uingereza mwaka 1947 na kuenea baadaye katika nchi zetu. Naona haya kuandika kwamba kwa wiki nzima nilichomeka nyaya tupu ndani ya matundu hayo na kuzikaza kwa njiti za kiberiti. Najua wako wasomaji wanaotabasamu kwa sababu wao wanafanya hivyo hata sasa. Wasitabasamu, wasome mpaka mwisho.

UFA WENYEWE

Sebuleni, katika pembe ya dirisha, palikuwa na ufa ulioteremka mshazari hadi karibu na sakafu. Chini yake ukuta ulikuwa na doa la unyevu lililofika kimo cha magoti, na chokaa kuukuu ilikuwa ikimomonyoka kama unga. Juu ya ukuta huo ulipita waya wa umeme wa zamani, uliogongomewa kwenye ubao mwembamba. Mambo yote matatu yaliniudhi, nami nikaamua kuyamaliza kwa pigo moja.

Niliibandua ile chokaa. Nikauziba ufa kwa saruji. Nikang'oa ule ubao, nikachimba mfuo ukutani, nikaukunja waya na kuulaza humo ili usionekane. Kisha nikapiga plasta ya saruji ukuta mzima na kuimalizia kwa rangi ya mafuta iliyong'aa kama kiatu cha gwaride. Majirani walikuja kutazama. Likizo ikaisha, nikarudi kazini kifua mbele.

Mvua za mwisho wa mwaka ziliponyesha, ukuta ukaanza kujibu. Rangi ilivimba malengelenge. Malengelenge yalipopasuka, yalitoa unga mweupe wa chumvi. Doa lililokuwa kimo cha magoti likapanda hadi kiunoni. Nao ufa ukajitokeza tena pale pale ulipokuwa, ukiwa mpana zaidi.

Jioni moja mama watoto alinipigia simu. Hakusalimu. Alisema, "Baba watoto, ukuta unauma."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 6, alitoka kuoga, akapita sebuleni miguu mitupu, akauegemea ukuta kwa kiganja. Alipiga kelele na kuanguka chini. Mama yake alipokwenda kumwinua, naye akaugusa ukuta, akahisi mshtuko mkononi hadi kiwikoni. Nilimwambia, "Usiguse chochote. Watoe watoto nje. Vaa viatu vikavu, kazime swichi kuu." Alikuwa amekwisha kuizima kabla ya kunipigia. Usiku ule familia yangu ililala gizani, na mimi, kilomita nyingi kutoka kwao, sikulala kabisa.

KILICHOKUWA NDANI YA UKUTA

Fundi umeme aliyeitwa asubuhi alibomoa plasta yangu na kunionyesha, siku nilipofika, kipande cha waya nilichokuwa nimekizika. Gamba lake lilikuwa la mpira. Alikisia kwamba waya huo uliingizwa nyumbani miaka ya 1950, zama ambazo bwawa la Owen Falls, liitwalo sasa Nalubaale, lilifunguliwa rasmi, mwaka 1954. Mpira wa namna hiyo ukizeeka hukauka na kuwa mgumu. Ukiachwa mahali pake waweza kuendelea kwa muda. Ukikunjwa, huvunjika na kuacha shaba wazi. Mimi niliukunja, nikaufunika kwa saruji, na saruji nikaiacha inywe maji. Kwa hiyo umeme wa volti 240 ulipata njia ya kuingia ukutani.

Nilimwuliza kwa nini fyuzi haikukatika. Jibu lake kila askari alishike. Fyuzi hukatwa na umeme mwingi. Fyuzi ya taa ni ya ampea 5. Umeme unaotosha kumwua mtu ni mdogo mno kuliko huo, hata sehemu ndogo ya ampea moja yatosha. Fyuzi hulinda waya usiungue, haimlindi mtoto. Kinachomlinda mtu ni waya wa ardhini uliofungwa barabara, pamoja na swichi ya usalama inayojizima yenyewe umeme unapovuja, ambayo kwa kawaida hufanya kazi kabla uvujaji haujapita miliampea 30. Nyumba yetu haikuwa na swichi hiyo, na waya wake wa ardhini ulikuwa umekatika zamani.

MZEE NA PENSELI

Baada ya umeme kutengenezwa upya, nilimtafuta mwashi mmoja mzee ambaye mtaani hapo wanamheshimu. Nilitazamia aingie sebuleni moja kwa moja. Hakuingia. Aliizunguka nyumba kwa nje mara mbili, mikono nyuma, akatazama paa, kisha akatazama miguuni pake.

"Afande," alisema, "ufa wako umeanzia juu ya paa."

Nikamjibu, "Mzee, ufa uko chini ya dirisha."

"Huko ndiko ulikofikia," akasema.

Alinionyesha mfereji wa bati unaokinga maji ya mvua ukingoni mwa paa. Ulikuwa umejaa majani ya mwembe, na maji yote ya upande ule yalikuwa yakimwagika pembeni, mahali pamoja, mwaka baada ya mwaka. Udongo wa hapo ulilainika, msingi ukatitia kidogo, ukuta ukapasuka. Tena wakaaji waliotangulia walirundika udongo wa bustani ukutani mpaka ukafunika tabaka la lami ambalo wajenzi waliliweka juu ya msingi ili kuzuia unyevu usipande. Maji yalikuwa yakiruka kizuizi kwa ngazi waliyoyajengea wenyewe. Ufa na unyevu, nilivyovidhania kuwa maadui wawili, vilikuwa kitu kimoja.

Kuhusu plasta yangu alisema maneno machache. Ukuta wa chokaa hunywa unyevu na kuutoa tena. Jua na upepo huukausha. Saruji na rangi ya mafuta huufungia unyevu ndani, nao ukikosa pa kutokea hupanda juu na kusukuma chumvi. Si kwamba chokaa ni dhaifu. Wareno walipoanza kuijenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, walitumia mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake zimesimama hadi leo.

Kisha alitoa penseli, akapiga mstari katika kila ncha ya ufa na kuandika tarehe. "Ukiupita mstari huu, niite. Usipoupita, tumeshinda."

Kazi ilikwenda kinyume kabisa cha nilivyofanya mimi. Kwanza tulisafisha mfereji wa paa na kuyapeleka maji mbali na msingi. Pili, tuliondoa udongo wa bustani mpaka lami ikaonekana. Tatu, tulibandua saruji yote kwa tindo na nyundo, na kuuacha ukuta uchi ukauke. Mafundi wana kanuni ya kukisia kwamba ukuta huhitaji mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, na wetu ni wa inchi 9. Hebu fikiri, msomaji, ukaribishe wageni miezi 9 katika sebule yenye ukuta wa mifupa mitupu! Nne, baada ya kungoja huko, mzee alitoa matofali yaliyooza chini ya dirisha, akayapanga mapya kwa chokaa, akapiga plasta ya chokaa na mchanga. Ufa ulikuwa haujaupita mstari wa penseli.

AMRI YA KUFUNGA

Huenda mtu akasema hizi ni shida za nyumba moja. Na akumbuke Zanzibar. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati kazi ya matengenezo ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo la zamani halichezewi, na saa za kulitengeneza zina hatari yake.

Wengi wetu twaishi katika nyumba za kambi zilizojengwa kabla hatujazaliwa. Basi haya yazingatiwe. Usiguse waya wa zamani. Zima swichi kuu na umwite fundi anayejua. Usiweke waya mnene au msumari mahali pa fyuzi. Paa likiwa la asibesto, usilitoboe, usilikate wala usilifagie, kwa maana vumbi lake huleta ugonjwa wa mapafu. Uonapo ufa, andika tarehe kwa penseli, kisha zunguka nje ukatazame maji yanakwenda wapi. Panapozidi uwezo wako, peleka taarifa ya maandishi kwa anayehusika na majengo, ubaki na nakala.

Katika chuo cha makadeti nilifundishwa kwamba hakuna shambulio bila upelelezi. Nililijibu swali hilo vizuri katika mtihani, nikapata alama zangu, na nilipoingia nyumbani kwangu nikaliacha mlangoni pamoja na buti.

Ukuta wa sebule sasa ni mkavu na mweupe. Binti yetu ana miaka 8. Kwa muda mrefu alipita katikati ya chumba, mbali na ukuta ule, na hatukumlazimisha. Mwezi uliopita nilimkuta ameuegemea, anasoma kitabu. Mlango wa chumbani bado unapitisha paka.