Kisu au Sindano: Fadhaa ya Uamuzi katika Saratani ya Tezi Dume

Saratani ya tezi dume humletea mwanamume fadhaa mbili. Ya kwanza ni hofu ya kufa. Ya pili, ambayo wengi hawaisemi, ni uzito wa kuchagua tiba, kwa kuwa karibu kila tiba hugusa mkojo, nguvu za kiume, au vyote viwili. Kwa mzee wa Himo, Kilema au Marangu, mara nyingi uamuzi huo hufanyika Moshi, mkoani Kilimanjaro, katika Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971.

Ugonjwa ukigunduliwa mapema, njia kuu ni tatu: kuondoa tezi yote, mionzi, au kufuatilia kwa vipimo vya damu vya PSA kabla ya kutibu. Utafiti wa ProtecT nchini Uingereza uliwagawa wanaume 1,643 katika njia hizo kwa bahati nasibu. Baada ya takriban miaka 15, waliokufa kwa saratani hiyo hawakufika asilimia 3, na makundi yalikaribiana sana. Habari hiyo njema ina mzigo wake. Daktari anapokosa jibu moja lililo bora, mgonjwa ndiye hubaki kupima ni hasara ipi anaweza kuishi nayo.

Hata hivyo, Kilimanjaro, kama kwingi Afrika Mashariki, wengi hufika hospitalini saratani ikiwa imeshaingia kwenye mifupa. Hapo tiba hulenga testosteroni, homoni inayoilisha saratani. Charles Huggins wa Chicago aliuonyesha uhusiano huo mwaka 1941, na mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobel. Zaidi ya asilimia 90 ya homoni hiyo hutoka kwenye korodani. Kwa hiyo mgonjwa huwekewa mambo mawili mbele yake: operesheni ndogo ya mara moja ya kuziondoa, au sindano kila mwezi au kila miezi mitatu, kwa kawaida maisha yote. Katika kurefusha maisha, njia hizi hazipishani sana. Zinapishana katika gharama na katika aibu.

Aibu hiyo huanzia kwenye neno lenyewe, kuhasi. Katika Kiswahili kinachohasiwa ni mnyama, na ng'ombe aliyehasiwa huitwa maksai. Mfugaji aliyeshuhudia kazi hiyo zizini halisikii neno hilo kama istilahi ya kitabibu. Ni vyema basi daktari aeleze kwa maneno mengine, tena aeleze kwamba ipo operesheni inayotoa kiini cha korodani na kuacha ganda lake, mfuko usibaki mtupu.

Gharama nayo ina uchungu wake. Asiye na bima mara nyingi hutegemea watoto walioko Dar es Salaam au Arusha, na baba huweza kukubali kisu ili asiwe mzigo, huku moyo ukitaka sindano. Mke, ambaye maisha yake ya ndoa yanaamuliwa pia, huenda ameachwa nje kwenye benchi. Uamuzi wa namna hiyo ni rahisi kuzaa majuto.

Tiba yenyewe huongeza huzuni: testosteroni ikishuka huja jasho la ghafla, uchovu, na kupotea kwa hamu. Tafiti za Sweden na Marekani zimeonyesha kwamba hatari ya kujiua hupanda katika miezi ya kwanza baada ya kuambiwa ugonjwa. Mwaka 1998 madaktari wa New York walijaribu kwa wagonjwa wa saratani hii kipimo cha karatasi kilichochorwa kama kipimajoto, ambapo mgonjwa huonyesha dhiki yake kati ya 0 na 10. Siku hizi anayefikia 4 huhitaji kuzungumzishwa zaidi. Kipimo hicho hakihitaji mashine wala umeme.

Muda wa kuamua kwa kawaida upo, kwa sababu saratani hii aghalabu huenda polepole. Mgonjwa anaweza kurudi Himo, akazungumza na mkewe, kisha akarejea kliniki wiki zijazo. Isipokuwa yule ambaye mkojo umeziba, au miguu imeanza kulegea kwa uti wa mgongo kubanwa. Huyo hutibiwa siku hiyohiyo.