Tangi Tupu Chini ya Kilimani: Hesabu ya Kuelea na ya Kutoelea

Kila kitu kilichotumbukizwa majini, kiwe kimezama chote au sehemu tu, husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyoondolewa mahali pake. Kanuni hii ilielezwa na Archimedes wa Syracuse katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na nguvu yenyewe huitwa kanieleza katika fizikia. Kwa kuwa mita moja ya ujazo ya maji yasiyo na chumvi ina uzito wa tani 1, anayejua ujazo wa kitu kilichozama huwa ameshaijua kanieleza yake.

Mwenye kuunda jukwaa la kuelea ziwani huanza kwa kujumlisha uzito wa mbao, watu na mizigo. Tuseme jumla ni kilo 1,440, naye anatumia mapipa ya chuma ya lita 200, kila moja likiwa na uzito wa kilo 20 hivi. Pipa moja litabeba kilo 180 kabla ya kuzama lote, kwa hiyo mapipa 8 yatalibeba jukwaa huku yenyewe yamezama kabisa, na mtu mmoja akiongezeka, jukwaa zima litakwenda chini. Mapipa 12 huacha theluthi moja ya nguvu kuwa akiba. Baharini kila pipa hubeba kilo 5 zaidi, kwani maji ya chumvi ni mazito kidogo, na ni kwa hesabu hiyohiyo kwamba maboya ya daraja la miguu la Liwatoni mjini Mombasa, lililoanza kutumika 2021, yaliwabeba wapita njia.

Katika mtaa wa Kilimani, magharibi mwa katikati ya jiji la Nairobi, hesabu hiyo hufanywa kwa lengo lililo kinyume. Maji ya mfereji hapa huja kwa mgao, hivyo majengo ya ghorofa yaliyochukua nafasi ya nyumba za zamani zenye bustani huwa na matangi ya zege yaliyochimbiwa ardhini, mara nyingi chini ya maegesho ya magari. Tangi kama hilo halitakiwi kuelea, lakini ardhi ikilowa hadi kujaa maji, hupata kanieleza sawa na jukwaa lolote la ziwani. Wala si lazima pawe karibu na mto kama Kirichwa Kubwa. Shimo likichimbwa katika mwamba au mfinyanzi usiopitisha maji, kisha likafukiwa kwa udongo uliolegea, mvua hutiririkia humo na kutuama kama ndani ya beseni. Kinachoamua msukumo ni kimo cha maji hayo, si wingi wake, kwa hiyo hata ufa mwembamba uliojaa maji kuzunguka tangi unatosha kulinyanyua.

Chukua tangi lenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5 kwa nje, ambalo kuta, sakafu na kifuniko chake vina unene wa sentimita 20. Ujazo wake wa nje ni mita 30 za ujazo, kwa hiyo maji yakifika juu yake kanieleza ni tani 30. Ndani hubaki nafasi ya lita 19,656, na zege yenyewe, ambayo ni mita 10.3 za ujazo zenye uzito wa tani 2.4 kila moja, ina tani 24.8. Tangi likijaa lina zaidi ya tani 44 na limetulia, ilhali likiwa tupu limepungukiwa na tani 5.2, hivyo litainuka, lipasue sakafu ya maegesho na kukata mabomba.

Mhandisi akitaka uzito uzidi kanieleza kwa asilimia 10, atahitaji tani 33, yaani nyongeza ya tani 8.2. Asiye mzoefu atagawa 8.2 kwa 2.4 na kuagiza mita 3.4 za ujazo za zege, akisahau kwamba zege hiyo nayo huondoa maji na kuongeza kanieleza. Jibu sahihi ni mita 6.3, karibu mara mbili. Njia nafuu zaidi ni kuitokeza sakafu ya tangi sentimita 30 nje ya kuta pande zote, ili udongo uliofukiwa na kushindiliwa vizuri ukae juu ya ukingo huo na kulikandamiza. Tangi la plastiki halina akiba yoyote ya uzito, kwani la lita 10,000 husukumwa kwa takriban tani 10, kwa hiyo likizikwa sharti lifungwe kwenye kitako cha zege.

Hatari huwa kubwa zaidi tangi likiwa jipya na shimo halijafukiwa, au linapomwagwa maji ili lisafishwe katika mvua za Machi hadi Mei, kama zile zilizofurisha mitaa mingi ya Nairobi mwaka 2024. Mwenye jengo na amwombe mhandisi hesabu ya tangi likiwa tupu na ardhi ikiwa imejaa maji, ajaze tangi jipya maji kiasi kabla mvua haijaanza, na usafishaji aupange wakati wa kiangazi.