Bomu lilibomoa Old Trafford, ratiba ikabaki

UKIMUULIZA shabiki wa Manchester United timu yake inachezea wapi, atakutajia Old Trafford kabla hujamaliza swali. Lakini kuna miaka Mashetani Wekundu hawakuwa na kwao. Usiku wa Machi 11, 1941 ndege za Ujerumani zilibomoa jukwaa kuu, timu ikaenda kupanga kwa watani wao Manchester City, pale Maine Road, hadi 1949.

Wajerumani hawakulenga viwanda na bandari tu. Walitaka raia wa Uingereza wakate tamaa. Kuanzia Septemba 7, 1940, London ilipigwa mabomu usiku 57 mfululizo. Watu walilala kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi, asubuhi wanaruka vifusi kwenda kazini. Taa za barabarani zilizimwa, chakula kikawa cha mgawo.

Na soka? Ligi ilisimama vita ilipoanza 1939, yakaja mashindano ya muda. Mashabiki waliingia kwa idadi maalumu, wachezaji wengi wakiwa jeshini. Krismasi ya 1940 Brighton walifika Norwich na wachezaji watano tu. Wakaongezewa wa akiba wa wenyeji na wanajeshi waliokuja kutazama mechi, wakala 18-0!

Mei 10, 1941 mashabiki 60,000 walijaa Wembley kuona fainali ya Kombe la Vita, Arsenal na Preston. Arsenal walikosa penalti, ngoma ikaisha 1-1. Usiku huohuo London ikapata kipigo kikubwa, watu zaidi ya 1,400 wakafa. Wiki tatu baadaye mechi ilirudiwa Blackburn, Preston wakashinda 2-1.

Tusidanganyane, soka halikuzuia bomu hata moja. Na wale mashabiki hawakuwa majasiri wasiojua woga. Waliogopa, na walizika ndugu zao. Ila bomu linakuibia kesho, hujui kama nyumba utaikuta. Ratiba ya mechi iliwarudishia kitu kidogo cha kusubiri: Jumamosi, saa fulani, timu fulani. Ukishakuwa na cha kusubiri, unapata sababu ya kuamka.

Ukraine wanalijua hilo. Agosti 2022, miezi sita baada ya Urusi kuwavamia, walirudisha ligi yao bila mashabiki uwanjani. Mechi ya Rukh Lviv na Metalist Kharkiv ilichukua saa 4 na dakika 27, kwa sababu kila king'ora cha hatari kilipolia wachezaji walikimbilia mahali pa kujificha, kikinyamaza wanarudi kuendelea.

Metalist walishinda 2-1. Pointi tatu zikaandikwa kwenye msimamo kama kawaida, na hiyo 'kama kawaida' ndiyo waliyokuwa wanaitafuta.