Mkono Juu ya Mali ya Wizi: Hukumu ya Mwenye Kukutwa na Chombo Kilichoibwa

 

Maimamu wa Tabora, Nzega, Urambo na Kaliua huulizwa suala hili: mtu amenunua pikipiki kwa bei nafuu, ameifanyia kazi mwaka mzima, kisha wakaja polisi pamoja na mwenyewe, na namba ya chesisi ikaoana na ya kadi aliyonayo huyo mwenyewe. Mnunuzi anaapa kwamba hakuiba wala hakujua. Anauliza, kosa langu ni lipi? Hapa watu huchanganya mambo mawili, dhambi na dhamana. Kutojua kunaondoa dhambi. Dhamana hakuiondoi.

Suala lenyewe si geni katika njia hii. Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora yetu, mwezi wa Novemba 1857, waliwakuta Waarabu wafanyabiashara wamekwisha kukaa. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikapumzika Unyanyembe, kisha ikashika njia ya Ujiji. Mpagazi akitoroka na mzigo, nguo zile ziliuzwa kijijini kwa asiyemjua mwenyewe. Pembe iliyotekwa vitani iliuzwa Unyanyembe, ikauzwa tena Unguja, na mnunuzi wa tatu akailipia fedha halali. Wala hazikuwa pembe tu. Watu huru walitekwa wakauzwa, na tusione haya kulisema, kwani katika Sahihi ya Bukhari imo hadithi qudsi kwamba Allah (s.w.) Siku ya Kiyama atakuwa mgomvi wa mwenye kumuuza mtu huru akala thamani yake. Basi mikono mingi kupita juu ya kitu hakukihalalishi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na siku hizi lami imefika. Chombo kinasafiri upesi zaidi, lakini hukumu ni ile ile.

Amepokea Samura bin Jundub (r.a.) kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwa maana hii: mwenye kuikuta mali yake hasa kwa mtu, yeye ndiye mwenye haki nayo zaidi, na aliyenunua amfuate aliyemuuzia. Wameitoa Abu Dawud na an-Nasai. Isnadi yake inapitia kwa Hasan al-Basri, na wanavyuoni wamehitilafiana kama alisikia kwa Samura au la, lakini maana yake imefanyiwa kazi. Na Imamu an-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H) katika mlango wa ghasbu wa Minhaj ameeleza kuwa kila mkono unaofuatia mkono wa mnyang'anyi ni mkono wa dhamana, hata kama mwenyewe hakujua.

Tuchukue mfano. Kijana wa Urambo amenunua pikipiki ya wizi kwa shilingi 1,500,000, nayo thamani yake ya haki ni 2,200,000. Mwenyewe akija, anarudishiwa pikipiki yake bila kulipa hata senti, na kijana anamdai muuzaji 1,500,000 zake. Ikiwa imeharibika kabisa mikononi mwa kijana, mwenyewe ana haki ya kumdai 2,200,000. Kijana atarejea kwa muuzaji kwa bei aliyotoa tu, si kwa thamani yote, kwa sababu aliyenunua aliingia akikubali kubeba dhamana ya kitu alichonunua. Kuna jambo zito zaidi ambalo wengi hawalijui: ujira wa mwaka ule aliobebea abiria. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, manufaa ya kitu kilichoghusubiwa yana dhamana, na manufaa aliyoyatumia mwenyewe hawezi kuyadai kwa muuzaji, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi. Mahanafi wana maneno mengine katika hili. Kwao asili ni kwamba manufaa hayadhaminiwi, isipokuwa katika mali ya yatima, ya wakfu na iliyoandaliwa kwa kuchumia. Na pikipiki ya bodaboda imeandaliwa kwa nini kama si kuchumia?

Ama dereva anayeendesha pikipiki ya tajiri na kupeleka hesabu kila jioni, mkono wake ni wa amana. Mwenyewe anaweza kumdai, lakini chombo kikiharibika bila ya yeye kukiuka mpaka, mzigo wa mwisho ni wa yule aliyempa, maadamu hakujua. Fundi wa gereji naye ni hivyo hivyo.

Sheria ya nchi haiko mbali na haya. Katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, asili ni kwamba mnunuzi hapati haki zaidi ya ile aliyokuwa nayo muuzaji. Na kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani anayepokea au kubaki na mali huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Adhabu yake yafika kifungo cha miaka 10. Tuyatazame maneno "sababu ya kuamini". Kadi haipo, au ina jina la mtu asiyejulikana alipo, chesisi imekwaruzwa, bei ni nusu ya ile ya sokoni, dalali anataka mmalizane leo hii kabla ya kwenda TRA kubadilisha jina. Mwenye kufumba macho kwa haya haitwi asiyejua, mbele ya hakimu wala mbele ya Mola wake.

Je, kukutwa nayo kunatosha kumwita mtu mwizi? Kwa asili ya fiqhi, mkono ni dalili ya milki, na mwenye mkono husadikiwa kwa kiapo mpaka mdai alete bayyina. Hadi ya wizi haithibiti ila kwa kukiri au mashahidi wawili, nayo huondoshwa kwa shubha. Ibn al-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 H), katika at-Turuq al-Hukmiyya, aliona kukutwa na mali iliyoibwa ni qarina yenye nguvu kuliko hata ushahidi. Mahakama ya Rufaa ya Tanzania nayo huikubali qarina hii kwa masharti: mali ikutwe kweli kwa mtuhumiwa, ithibitike ni ya mlalamikaji, iwe imeibwa karibuni, na iwe ndiyo hiyo iliyotajwa katika shitaka. Na mtuhumiwa akitoa maelezo yanayoweza kuwa kweli, halazimiki kuyathibitisha.

Masharti haya yana maana kubwa. Katika Sura Yusuf mnadi aliwaita watu wa msafara kuwa ni wezi, na kopo la mfalme likatoka katika mzigo wa nduguye Yusuf (a.s.), naye hakuiba kitu. Wako vijana waliopigwa, na wengine kuchomwa moto, kwa kukutwa juu ya pikipiki tu. Aliyeshiriki katika hilo ameingia katika damu, na damu ni nzito kuliko pikipiki.

Limebaki la mwenye kutambua baadaye. Tangu saa aliyojua, mkono wake umegeuka mkono wa mnyang'anyi, na kila siku anayoendelea nayo ana dhambi. Haimhalalikii kuisukuma kwa mnunuzi mwingine ili fedha zake zirudi, na hili ndilo wengi wanalolifanya. Wala asiitoe sadaka msikitini. Waliojuzisha kuitolea sadaka mali ya haramu wamesema ni pale mwenyewe asipojulikana na ikakatwa tamaa ya kumpata, ilhali chombo chenye namba ya chesisi mwenyewe hutafutwa akapatikana. Aipeleke polisi pamoja na jina la aliyemuuzia, ashike hati ya kuipokea, kisha amdai muuzaji wake. Na imamu aliyeulizwa amsindikize, kwani wengi huogopa kwenda peke yao.

Wallahu a'lam.